Kona Isiyoshuka Bei

Gari-nyumba la Thadeo liliingia vichochoro vya mtaa wa Kangle saa nne asubuhi, na hadi saa sita lilikuwa halijatoka. Kuingia si kazi. Hata mwiba huingia. Lilikuwa na urefu wa mita tisa, vitanda vinne, jiko, choo cha kuvuta maji, ngazi ya chuma mgongoni, na utepe mwekundu wa harusi puani. Thadeo alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa Kahama waliopo Guangzhou, watu kumi na wawili, na wote aliwaamuru waje kulisindikiza. "Bibi harusi haondoki kwao bila kuzungushwa mtaani," alisema. Kwa hiyo kabla ya kwenda bandari ya Huangpu, lipite kwanza katikati ya viwanda vya nguo, likate kona kwenye duka la tambi, litokee upande wa pili, huku simu yake ikiwaonyesha watu wa nyumbani kila kitu.

Loyce alisimama mlangoni mwa kiwanda anachoshonea sketi, tepu ya kupimia shingoni. Yeye hakuja kwa ajili ya bibi harusi. Ndani ya tumbo la gari lile, chini ya vitanda, zilikuwemo cherehani zake sita alizozikusanya kwa miaka mitatu. Dada yake Edina, kule Bukoba, alikwishapanga chumba, na wasichana wa kufundishwa walikuwa wakija kuuliza kila Jumatatu. Thadeo alikubali kuzibeba bure, mradi Loyce asimsumbue kwa maneno. Wakala wa bandari naye alikwishasema: geti linafungwa saa kumi, na meli haina undugu na mtu.

Dereva Chen, aliyetumwa na waliouza gari, alizungusha usukani hadi ukagoma, akashuka, akayatazama magurudumu, akaitazama kona.

"Bu xing," akasema.

Hakuna Mswahili wa Guangzhou asiyeijua bu xing. Ni "haiwezekani" ya Kichina. Lakini Thadeo amenunua viatu soko la Zhanxi miaka minane, na kule bu xing ya kwanza ni salamu, ya pili ni bei, ya tatu muuzaji anafunga mzigo. Akatabasamu.

"Muulize anataka ngapi," alimwambia Respicius, mwanafunzi anayesomea shahada ya tatu, aliyekuja kutafsiri.

Respicius akauliza, akasikiliza. "Anasema magurudumu ya mbele hayakunji zaidi ya nyuzi thelathini na tano. Ukitoka katikati ya duara hadi ukingo wa nje, gari linataka mita kumi. Hapa zipo saba."

"Mwambie nane."

"Mwenyekiti, hizi siyo..."

"Wewe tafsiri, msomi! Nane."

"Bu xing," akasema Chen.

"Umeona? Hajakasirika. Nane na nusu, na ndiyo mwisho wangu." Thadeo akageuka, akaanza kuondoka polepole kama afanyavyo madukani, akisubiri kuitwa. Alikwenda hatua saba. Hakuna aliyemwita. Chen akawasha sigara.

Respicius alikuwa ameandika hesabu kwenye kiganja. "Kwa njia ya gurudumu lenyewe," akasema, "ni mita tisa na kidogo."

"Ameshuka!" Thadeo akapiga makofi. "Twende!"

Chen akaingia, akakunja usukani wote, akasogea. Pua ya gari ikaingia kwenye duka la tambi, kioo kikajaa mvuke. Mkia nao ukafagia upande wa nje, majora ya kitambaa yakadondoka, na mama mwenye majora akatoka na maneno ambayo Respicius hakuyatafsiri. Saa saba ikapita. Wasindikizaji wakaanza kunong'ona juu ya chakula.

Loyce aliivua tepu shingoni. Alilipima gari mbele hadi nyuma, akapima toka pua hadi magurudumu ya mbele, na toka magurudumu ya nyuma hadi mkiani, akapima na kona. Kisha akaingia kiwandani, akakata gari la karatasi kama anavyokata patani ya sketi, akaichora kona kwa chaki juu ya meza.

"Mwenyekiti, njoo uone."

"Binti, darasa la saba lako lina hesabu za magari?"

"Lina za sketi. Sketi ya solo nayo ni duara." Akachomeka pini pembeni, usawa wa magurudumu ya nyuma, kwa umbali aliousema dereva kutoka katikati ya duara, akaizungushia karatasi hapo. Pua ikaingia duka la tambi. "Msomi amekata palepale kwenye mstari wa mshono. Hakuacha akiba ya pua wala ya mkia."

Respicius akajifuta kiganja kwenye suruali.

"Zungusha tena," akasema Thadeo.

Akazungusha. Ikaingia duka la tambi.

"Pole pole zaidi."

"Karatasi haishuki bei, Mwenyekiti. Dereva arudi kinyumenyume alikotokea. Njia imenyooka."

"Kinyumenyume! Watu mia tatu wananitazama kwenye simu! Nimewaambia tunasonga mbele!"

Loyce akaitazama saa. Saa nane kasorobo. Akavuta kipande cha kitambaa mezani, akakigeuza huku na huku.

"Hiki uso wake uko wapi?"

"Nitajuaje? Pande zote sawa."

"Uso ni ule utakaomwonyesha mteja. Hamisha utepe, ufunge kwenye ngazi. Na simu ihamie nyuma."

Thadeo akakitazama kitambaa, akaitazama ngazi. Kisha akapiga kelele utepe uhamishwe.

Gari likatoka Kangle kwa mkia, utepe mwekundu ukipepea, akina mama wakipiga vigelegele. Mtu wa Kahama akaandika: *Mbona taa za mbele nyekundu?* Thadeo akajibu: *Toleo jipya.*

Walifika Huangpu saa kumi kasoro dakika nane. Geti likafunguliwa, na ndani ulikuwepo uwanja mpana. Chen akakunja usukani, akalizungusha gari lote kwa mkupuo mmoja, kama anafuata ukingo wa sahani.

Thadeo akamgonga Respicius kiwiko. "Si unaona? Kule alikuwa anavuta bei tu."

Loyce alikuwa akimpigia Edina simu. "Zimeingia," akasema. "Waambie Jumatatu wasije kuuliza. Waje na mikasi."