Mzuka wa Bwana Honi

Saa saba mchana masufuria matatu yalikuwa yamejaa pomoni, na mezani hakuna hata mtu wa kufukuza nzi. Mpishi alisimama mlangoni pa mgahawa wa marehemu mama yake, mikono kiunoni, anachemka kuliko maharagwe yake.

Miaka mitatu ulifungwa. Miaka mitatu barabara nzima imekula mzuka badala ya wali: eti sahani hupasuka zenyewe, eti marehemu huonekana jikoni. Mpishi alipaka chokaa, akanunua viti, akafungua asubuhi ile. Kaka yake alikaa benchi la nje, akiongea na mwenye tingatinga kwenye simu.

"Saa nane, dada. Tulikubaliana. Asipoingia mtu, nabomoa, naweka yadi ya matofali."

"Bomoa na mimi nikiwa ndani."

"Usinirushie maneno. Mizuka nimeileta mimi?"

Ng'ambo ya barabara basi lilikuwa limevuliwa gurudumu kwa fundi wa matairi. Abiria arobaini, njaa tele, wanatafuna biskuti kavu na kuutazama mgahawa kama kaburi. Katikati yao anatamba Bwana Honi, dereva wa lori, naye akisubiri tairi kwa fundi, mteja wa marehemu tangu enzi. Jina alilipata kwa mtindo wake: akifika kwenye kona alikuwa akipiga honi, mlio mmoja sahani moja, miwili sahani mbili, ili akiegesha akute chakula mezani.

Mpishi akavuka kwenda kumfumba mdomo.

"Haki ya Mungu, nilimwona kwa macho haya!" Bwana Honi alikuwa anasema. "Kalala kizingitini pa jiko, sahani ya bluu vipande viwili, wali umetapakaa mpaka chini ya kabati!"

"Uwii!" abiria wakaitikia, wamenogewa.

Mpishi akawapenya abiria mpaka mbele yake. Siku ile ya msiba alimkuta mama yake vivyo hivyo. Kabla hajaita jirani hata mmoja alizoa ule wali, akafukia vipande vya sahani, akapiga deki. Mama yake asingekubali kukutwa na jiko chafu, hata akiwa maiti. Hakumwambia mtu. Hata kaka yake.

"Rudia. Sahani ya rangi gani?"

"Bluu. Si nimesema, dada yangu..."

"Udada wetu umeanza lini? Ile sahani niliifukia kwa mikono yangu, hajaingia mtu! Hukuona mzuka wewe. Ulimkuta kaanguka anakupakulia, ukawasha lori!"

Fundi aliacha spana. Bwana Honi alijaribu kucheka, akatupia jicho lori lake.

"Nilikuwa na mzigo wa nyanya," akasema. "Zingeoza. Polisi wangeniweka siku mbili nzima... Alikuwa bado anapumua kidogo. Nikasema, si atatokea mtu."

"Anapumua?"

"Kidogo tu. Baadaye watu wakawa wananiuliza mbona siku hizi sisimami hapa. Nikasema kuna mzuka."

Kofi alilomzaba lilisikika mpaka kwenye kona. Kaka yake, aliyekwishavuka, alikata simu bila kuaga. Fundi akapanda lori, akachomoa ufunguo.

Mpishi aligeuka kurudi jikoni kwake, na nyuma yake basi zima likamfuata. Nani atakubali uhondo kama ule umpite? Ilipogonga saa nane hapakuwa na kiti. Wengine walikula wamesimama, masikio nje.

"Umeshinda, dada," kaka yake alinong'ona, macho mekundu.

"Nimeshinda nini?" Alipakua kama anayepiga watu. Midomo ile ile iliyomfungia mgahawa, leo inamjazia, na kinachowavuta ni kile kile.

Mama mmoja alimvuta aproni. "Mwanangu, hebu tuambie vizuri. Alipumua mpaka saa ngapi?"

Mpishi akambwagia sahani mbele, paa!

"Mimi nauza wali. Kula, ukimaliza umpishe mwenzio."