Majibu Namba 319

Mama Yustina aliingia zahanati ameilaza simu kifuani, kioo kimegeukia ndani, kaikandamiza kwa kiganja kama mtu anayezuia jeraha lisivuje. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Tekla mwanangu, funga mlango kwanza."

Mlango wenyewe ni pazia. Nikalivuta.

Mie ndiye niliyetengeneza tovuti ya majibu pale zahanati yetu, Chamazi. Kompyuta sikuisomea darasani. Nilijifundisha kwa simu hii hii, video baada ya video, bando likiisha nakopa kwa shangazi. Na ikafanya kazi jamani! Unapimwa, unaenda zako, jioni unapata meseji yenye linki, unabonyeza, majibu hayo hapo. Daktari Revelian akanisifia mbele ya wagonjwa, kichwa kikavimba hasa.

"Mzee wangu kaifuta meseji yake kabla hajaisoma," Mama Yustina akaanza. "Kadhani ni wale matapeli wa 'pesa tuma kwa namba hii'. Basi nikaangalia ya kwangu. Mwisho wa linki pameandikwa 318. Nikasema ah, si tulikaa benchi moja, mie mbele yeye nyuma? Yake itakuwa 319. Nikafuta nane, nikaweka tisa."

"Ikafunguka?"

"Ikafunguka. Ila si ya mzee wangu." Akashusha sauti. "Umesahau siku ile tulimpisha mjamzito?"

Nilikumbuka. Hamida alikuja jasho linamtiririka, benchi zima likasema kwa pamoja: pita mama, pita. Kwetu mjamzito hapangi foleni. Huruma ya watu ndiyo iliyomweka katikati ya mke na mume, na mie kwa akili yangu ya haraka nikamwacha hapo bila hata pazia. Kila mgonjwa kompyuta ilimpa namba inayofuata, nami nikaianika namba hiyo kwenye linki. Tovuti haikuwahi kumuuliza mtu, wewe nani? Ukitaja namba, unapewa.

Hamida kaolewa mtaa wa pili kutoka kwa Mama Yustina. Neno likidondoka asubuhi bombani, mchana limeshafika kwa mama mkwe.

"Mama, ulisoma?"

"Jina nimesoma. Na mstari mmoja. Macho hayana breki. Nikafunga." Akanikazia macho. "Hata mzee sijamwambia. Nimekuja kwako, maana bati likivuja unamwita fundi, humwiti jirani."

Ningeweza kurekebisha kimya kimya. Nakiri, nilishaifungua kompyuta nikiwaza hivyo. Lakini yule mama amekaa mbele yangu, amebeba siri isiyo yake kwa adabu kuliko mie niliyelipwa kuitunza. Nikamchapia karatasi ya mumewe, nikampa, kisha nikaenda kwa daktari nikamweleza yote.

"Zima tovuti sasa hivi," akasema Daktari Revelian. "Halafu mpigie Hamida. Wewe mwenyewe."

"Dokta, si atatuchukia?"

"Atuchukie akiwa anajua."

Nikazima. Siku hizi hufungui majibu bila namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako mwenyewe. Siku ile nilikuwa na kumbukumbu tu za linki ipi imefunguliwa, na saa ngapi. Nikaitafuta 319, roho mkononi. Imefunguliwa mara moja. Leo, saa tatu asubuhi.

Alhamdulillahi, Mungu wangu, vyote nikavitamka kwa pamoja, na Ukristo wangu. Aliyeingia ni mmoja tu, na katika watu wote wa Chamazi, akawa Mama Yustina! Ningemwomba Mungu anichagulie, asingenipa mwingine.

Ndipo nikaisoma tena ile kumbukumbu. Mara moja. Basi Hamida mwenyewe hajafungua.

Nikapiga.

"Dada Tekla, usinisomee," Hamida akawahi. "Linki ninayo siku ya tatu. Naogopa."

Nikamwambia kosa langu lote. Jina tu la aliyeona sikulitaja. Nyuma yake muziki wa singeli wa jirani ulikuwa unapiga kwa mbali.

"Huyo aliyeona, mtu mzima?"

"Mtu mzima."

"Alivyokuja hapo, alikuwaje? Alikuwa analia? Nijue kama majibu ni mabaya."

Nikasogeza pazia. Mama Yustina alikuwa bado kwenye benchi. Karatasi ya mumewe ameikunja vizuri mapajani, shughuli yake kwetu imekwisha, ila amekaa, macho yakiwa getini kama anayemngoja mtu.

"Sijui alisoma nini, Hamida," nikasema. "Lakini hajaondoka."

Nikamsikia akivuta pumzi, akaishusha taratibu.

"Mwambie namshukuru," akasema. "Mwambie asiondoke. Nakuja."