Katoka Kidogo

Dorice aliinua mlango wa chuma mpaka juu, akapangusa vumbi jekundu kwenye kaunta, kisha akabonyeza swichi ya spika iliyotazama barabara. Akasubiri sauti ya mumewe.

Haikuja.

Kila asubuhi Malale alianza kazi kabla ya wote. "Karibu Malale na Ndugu! Vyombo, magodoro, viatu, suti za harusi! Ofa leo mwisho! Mimi mwenyewe nipo, ingia tuongee!" Alijirekodi siku ya mvua, akakohoa kidogo mwanzoni, na tangu hapo maneno yalizunguka kutwa nzima, hata baada ya yeye kulala kaburini Sitalike.

Wakulima waliokuja Mpanda baada ya kuuza tumbaku waliingia wakimtafuta. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Katoka kidogo," Dorice alijibu mara ya kwanza, ulimi ukamteleza. Baadaye likawa ndilo jibu. Habari ya kifo waliisambaza wengine. Yeye hakuwahi kuitamka, hata msibani. Na jioni, spika ikishazimwa, bado alikisikia kile kikohozi kati ya magauni yaliyoning'inia. Mara nyingine aliitika, "Abee," kisha akatazama huku na huku kama mwizi.

Leo barabarani zilisikika bodaboda tu.

"Shemeji, duka limepaliwa?" aliuliza Nyanda, mdogo wake Malale, kutoka upande wa masufuria. Akaja kuchungulia nyuma ya spika. "Flashi haipo. Usijali, ninayo kwenye simu. Sasa hivi kaka anarudi kazini."

Dorice aliegemea kaunta.

"Iacheni."

Aliyesema ni mama mkwe wake, Kabula. Alikuwa ameketi juu ya magodoro, viatu kavivua. Alifika tena jana jioni kutoka Sitalike, akawakuta wakifunga duka, wakaenda kulala wote nyumbani.

"Nimeichomoa mimi," alisema.

"Mayu! Mama, umeitupa?" Nyanda aliuliza.

"Sijamtupa. Nimempumzisha." Kabula alijifunga kanga vizuri. "Mwanangu anapigishwa kelele juani kila siku. Hata ng'ombe wa plau tunamfungua. Na wewe, mkwe wangu, kila nikija nakusikia. Katoka, katoka. Katoka kwenda wapi? Kunywa chai?"

Nyanda alicheka, kisha akaona hakuna aliyecheka naye.

"Nilidhani unapenda kumsikia, Mayu," Dorice alisema.

"Napenda. Nikirudi Sitalike nakesha namsikia. Nashindwa hata kumwombea, maana kila nikifumba macho ananikaribisha dukani."

Dorice aliinamisha uso. Kumbe na huko anafika.

"Sasa niiweke au nisiiweke?" Nyanda alikuwa ameshika simu, kidole tayari. "Semeni nyie. Wateja wanapita."

Kabula alimtazama Dorice. Nyanda naye akamtazama. Kabla hajafungua mdomo, mzee mmoja aliingia, kofia mkononi, akasalimia kila mtu.

"Mimi Pontien, wa Katumba. Nimepita hapa nikarudi, nikapita tena. Sijasikia ile sauti, nikajua nimepotea njia." Alicheka, akaenda moja kwa moja kwenye suti. "Kijana wangu anaoa. Msimu uliopita mwenye duka aliniambia, ukija mzee nitakuchagulia mimi mwenyewe. Basi nimekuja." Akaweka kiganja kwenye suti ya buluu iliyokolea, akaipapasa taratibu. "Mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Ka..."

Dorice aliitazama spika. Siku nyingine, muda huu, spika ingekuwa inamjibia kwa nguvu kwamba nipo, na yeye angejificha nyuma ya sauti hiyo kama nyuma ya pazia. Sasa hapakuwa na pazia. Juu ya magodoro Kabula alikuwa amefumba macho. Nyanda alishusha simu polepole, akaitia mfukoni.

Pontien alisubiri, mkono bado kwenye suti.

Dorice alitoka nyuma ya kaunta. Akaenda mpaka kwenye suti.

"Malale amefariki, baba," alisema. Alishangaa jinsi sauti yake mwenyewe ilivyojaa duka zima. "Amefariki. Suti tuliyomzikia nilimchagulia mimi, hapo hapo uliposhika."