Tundu la Safu ya Mwisho

Mzee Idarusi aliingia ofisini saa sita na nusu mchana, karani mkuu, Bwana Manase, akiwa ameshakwenda kula. Nilijua kauchagua wakati huo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Sabiha unayetoboa majina ya watu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mnyapara wa makuli arobaini hapa bandarini Tanga, na jioni alisomesha chuo cha Kurani mtaa wa Ngamiani. Mwaka ule wa 1958 kampuni ilikuwa ikiwaingiza makuli katika kazi ya kudumu. Kila mmoja alitobolewa kadi yenye jina lake kwa matundu, na kadi zote zingeondoka na gari la saa nane, zipite mpakani Horohoro mpaka Mombasa kwenye mashine ya kuzisoma. Asiye na kadi angebaki kibarua. Na Mzee Idarusi akisema hapana, watu wake wote arobaini wangejitoa.

Sikutaka wajitoe. Nilikuwa nimetoka shule juzi tu, na kazi ile niliiona ya heri.

"Kaa nikuonyeshe," nikasema, nikachukua kadi ya Jaku, mmoja wa watu wake. "Kila herufi ina safu yake, na kila safu ya herufi ina matundu mawili. La juu linasema herufi iko kundi gani, la chini linasema namba yake. A mpaka I kundi la kwanza, J mpaka R la pili, zilizobaki la tatu. Hii ni J: kundi la pili, moja. Hii A: kundi la kwanza, moja."

"Herufi kwa hesabu." Akaguna. "Sisi tuna abjadi. Alifu moja, be mbili, jimu tatu. Na najua mtu hufanyiwa nini kwa hesabu ya jina lake."

"Hii haipigi falaki, mzee. Inaandika jina tu."

"Tutaona."

Herufi za Kizungu alizijua kutoka kwenye makasha ya melini. K akaipata mwenyewe. Kwenye U akasita. "S, T, U. Ya tatu. Mbona tundu liko kwenye nne?"

"Kundi la tatu huanzia mbili."

"Na moja imekwenda wapi?"

"Haitumiki kwa herufi."

"Kwa herufi," akarudia polepole. "Nipe kadi za watu wangu zote."

Akaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Alipomaliza, mezani palikuwa na mafungu mawili.

"Hizi kumi na moja zina tundu safu ya mwisho kabisa, halina mwenzake. Ni herufi gani hiyo?"

"Si herufi. Tundu likiwa peke yake ni namba. Hiyo ni moja. Bwana Manase aliiweka kwenye orodha, akasema ni zamu."

"Zamu! Wangu wote zamu yao moja." Akaanza kusoma majina: Jaku, Massoud, Mselem... "Hawa ndio waliosimama getini wakati wa mgomo mwaka jana. Kumi na moja, hapungui mtu. Wakifika Mombasa watachujwa kama nazi."

Matundu yale niliyatoboa mimi.

"Sikujua, mzee."

"Hivyo ndivyo angesema na aliyejua. Haya, ziba."

"Hayazibiki. Nikibandika karatasi, mashine itaitapika kadi."

"Toboa nyingine."

"Kadi tupu ziko kabatini, ufunguo anao Bwana Manase."

Akasimama. "Basi nakwenda kuwaambia wajitoe."

Nikalitazama lile fungu la pili, kadi ishirini na tisa zisizo na alama. Nikachukua ya juu, nikaipachika kwenye mashine, nikaisogeza mpaka safu ya mwisho, nikabonyeza moja. Tak.

"Unafanya nini wewe?"

"Alama wakiwa nayo wote arobaini, haimtambulishi mtu. Mombasa watasema mtoboaji kakosea."

"Na mtoboaji ni nani?"

"Mimi."

Akakaa. Akawa ananipa kadi moja moja, na kila niliyoitoboa aliichukua tena akaikagua dirishani. Hakusema ahsante hata mara moja. Ya ishirini na tisa ilipokwisha, akaninyooshea mkono.

"Ya kwako iko wapi?"

"Yangu?"

"Si umeajiriwa hapa? Wao wanakwenda na alama. Nataka nijue wewe umesimama wapi."

Kadi yangu ilikuwa kwenye kasha la makarani. Nikamkumbuka mama, alivyozunguka mitaani akiwaambia watu kwamba mwanawe anafanya kazi ya mashine. Nikaitoa, nikaipachika kwenye mashine, nikabonyeza moja.

Mzee Idarusi akaiinua, akaanza mwanzo: S, kundi la tatu, mbili. A, kundi la kwanza, moja. Hakuruka herufi. Alipofika safu ya mwisho alichungulia kwa jicho moja, kisha akaitia katikati ya kadi za watu wake, akazipanga zote kashani.

Viatu vya Bwana Manase vikasikika ngazini. Akaingia, akachomoa kadi moja, akaitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Hakuwahi kujifunza kuzisoma.

"Tayari?"

"Tayari."

"Na huyu mzee anataka nini?"

"Nangoja gari la saa nane," Mzee Idarusi akamjibu, akalivuta kasha la kadi karibu na miguu yake.