Sketi ya Mskoti

Historia ya nyumba ya Mskoti hapa kwetu Mbozi, hakuna anayeijua kunishinda. Ndani sijawahi kuingia, na Mskoti mwenyewe aliondoka mimi bado nanyonya, lakini hayo ni mambo madogo.

Ni nyumba ya mawe yenye dohani mbili, na zote wamepanga bundi. Jairo, jirani yangu, yeye hakupanga. Alihamia humo paa lake lilipovuja, akasahau kurudi. Sasa kijiji kinaitaka iwe zahanati, na Jairo anasema hatoki, eti Mskoti alimpa babu yake. Ndipo akaitwa Naila, binti msomi wa Tunduma anayechimba habari za majumba ya kale, atuambie mwenye nyumba ni nani.

Alinikuta nachambua maharage.

"Shikamoo bibi. Huyo Mskoti mlimwitaje?"

"Marahaba. Bwana Sketi. Sikukuu ikifika anavaa sketi ya drafti yenye marinda, anapuliza mfuko wa ngozi wenye mafilimbi mpaka ng'ombe wanakata kamba. Mama alisema magoti yake yaliyashinda ya baba kwa uzuri."

Ng'ambo ya ua Jairo alikuwa anajifanya kurekebisha uzio, masikio yote kwetu.

Jumapili, baada ya ibada, akatuita barazani kwake. Akafungua khanga taratibu kama anafunua maiti. Ndani, sketi ya drafti, nyekundu na kijani.

"Sketi yenyewe hii. Bwana Sketi aliivua hapa hapa barazani, akamwambia babu, 'Alinanuswe, chukua hii na nyumba.'"

"Akaondoka na nini chini?" nikauliza.

"Shangazi, historia haiulizwi hivyo."

Naila akaigeuza geuza. "Miaka sabini, baba, na haijachuja?"

"Babu hakuianika juani."

"Na kiuno hiki cha nyigu," nikasema, "Mzungu mzima aliingiaje?"

"Walikuwa wembamba. Kulikuwa na vita."

"Na lastiki?"

"Lastiki waliileta haohao Waskoti."

Naila akanitazama, akaitazama sketi, kalamu imeshagusa karatasi. Jairo akashusha pumzi, akanyoosha miguu kama mwenye nyumba.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatokea Tabita, mkewe, pasi ya mkaa mkononi inafuka moshi.

"Baba Loisi," akasema, "sketi ya shule ya mtoto umeipeleka wapi? Pasi imeshapata moto."