Neno la Herufi Mbili

Ilikuwa Jumatano, saa nne na robo asubuhi, manyunyu yakigonga madirisha ya chumba namba sita. Bi Nukta alikaa nyuma ya darasa, daftari mapajani. Wanafunzi wake wa Kiingereza cha ujasiriamali walimpachika jina hilo kwa sababu kila sentensi iliyorefuka aliikata kwa amri moja: "Weka nukta!"

Mbele alisimama Kifungo, binti wa mshona sare. Mgeni wa siku hiyo alikuwa mnunuzi wa sare za hoteli, asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Ama angempa mama yake Kifungo oda, ama angeondoka nayo. Cherehani tatu za mama zilikuwa zimekaa bure mwezi mzima. Asubuhi ile mama alimwambia bintiye, "Ukiulizwa, kubali, mwanangu. Mengine Mungu anajua."

"Mia nne, kwa wiki mbili," mnunuzi alisema kwa Kiingereza. "Mtaweza?"

Bi Nukta alikaza kalamu. Kwa wiki tatu alikuwa amepigana na jibu moja: tutajitahidi. Nyumbani neno hilo ni adabu. Msikiaji hujua lililofichwa chini yake. Likivukia Kiingereza, mnunuzi huandika ndiyo, kisha siku ya ahadi huja na hasira.

"Kama haiwezekani, semeni hapana," alikuwa amewafundisha wiki iliyopita.

"Mwalimu, nimwambie mgeni hapana usoni? Mama atanikana!" Kifungo alijibu wakati ule, na darasa zima likaangua kicheko.

Sasa hakuna aliyecheka.

"Hapana," Kifungo alisema, kwa lile neno la Kiingereza la herufi mbili.

"Huyu kajikaanga kwa mafuta yake," mwenzake mmoja alinong'ona.

"Funga bakuli lako," jirani akamjibu.

Bi Nukta alitaka kuinuka amwokoe. Maneno ya kulainisha yalimjaa kinywani. Aliyameza.

"Kwa nini?" mnunuzi aliuliza.

"Cherehani zetu ni tatu. Tunamaliza sare kumi na tano kwa siku. Wiki mbili zitatupa mia na themanini. Mia nne zinahitaji wiki tano."

Sentensi nne, nukta nne. Bi Nukta alizihesabu.

"Wiki hii nimezungumza na mafundi sita. Wote wamesema watajaribu." Mnunuzi alitoa kalamu. "Nipe hizo mia na themanini. Zikiwa nzuri, tutaongea."

Kichwa kilimvimba Bi Nukta, naye hakukizuia.

Mnunuzi alitia sahihi, akaomba mwavuli. Mnong'onaji aliomba zamu inayofuata. Kifungo alitoka nje kumpigia mama yake. Alilia kwanza, ndipo akasema. Mama alizitia mafuta cherehani zote tatu. Bi Nukta alifuta ubao, akampigia dada yake, akamsimulia mara mbili.