Askari wa Tovuti ya Hamdia

Nakutegea wewe uliyekaa hapo karibu na jiko. Nyumba yangu haina ukuta wala bati, na mgeni anaingia akiwa bado amelala kitandani kwake. Nini hiyo? Fikiri kwanza, usikimbilie. Umeshindwa? Basi nipe mji, na usinipe Nairobi, kelele zake siziwezi. Nipe Garbatulla. Haya, asante. Nyumba hiyo ni tovuti, na hii ninayokusimulia ilikuwa ya Hamdia, mwenye duka la vitambaa hapa Isiolo mjini.

Ilikuwa tovuti ndogo. Ndani yake mlikuwa na makaburi ya kule Burat, ya wale askari wa zamani ambao Mwingereza aliwatoa Usomali, wakampigania vita vyake, kisha akawaacha hapa na ngamia wachache na koti la jeshi kila mtu. Makaburi yao hayana majina. Ni mawe tu yamepangwa, na mtu asiyejua atafikiri ni mawe ya shamba. Hamdia alijua nani amelala wapi, kwa sababu kila Idi mama yake alimpitisha pale akimwonyesha kwa kidole. Magoti yalipoanza kumsumbua, na akaona wengine waliojua wameshakufa, alipiga kila kaburi picha kwa simu. Deqa, binti wa jirani anayefanya kazi kwenye saiba, kule kwa kompyuta za kukodi, akamjengea tovuti. Chini ya kila picha Hamdia aliandika jina na jambo moja la mwenyewe. Huyu alipenda chai yenye tangawizi nyingi. Huyu alikoroma hata akiwa amesimama kwenye gwaride.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, alikuwa anakoroga unga wa anjera, ule mkate mwembamba wa Kisomali, wazee kadhaa wakaingia jikoni wamevaa makoti mazito ya jeshi. Mbele yao alikuwa babu yake, Koplo Robow, aliyekufa kabla Hamdia hajazaliwa. Alimjua kwa ile picha ya ukutani. Wakatoa salaam, Hamdia akaitikia, akaongeza maji kwenye sufuria ya chai.

"Pale petu pamewekwa kamari," alisema Koplo Robow. "Sisi ni Waislamu. Hatuwezi kukaa."

Hamdia alifungua simu. Picha zote hazikuwepo. Palikuwa na gurudumu la rangi likizunguka na maandishi ya kuita watu waje wacheze washinde. Alimwita Deqa. Deqa alipofika aliwasalimia wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili, akasogeza kofia ya mmoja wao apate pa kukaa.

"Mama, paswadi yako ilikuwa nini?"

"Hamdia, moja, mbili, tatu."

"Hiyo hata mbuzi angefungua."

"Mbuzi wa wapi?" aliuliza askari mmoja.

"Wa Korbesa, babu. Wale wajanja."

Askari alikubali kwamba wa Korbesa wangeweza.

Deqa alikuwa ameweka nakala ya kila kitu, kwa hivyo picha zilirudi kabla chai haijapoa. Akasasisha programu ambazo zilikuwa zimezeeka na kuacha nyufa. Akaweka neno la siri refu, maneno yasiyohusiana hata kidogo, na akapanga kwamba mtu akitaka kuingia, namba itumwe kwanza kwa simu ya Hamdia. Koplo Robow alikuwa anasikiliza, kikombe mkononi.

"Kwa hivyo kuna mlango," alisema. "Kuna neno la kupitia. Na kuna watu wanakuja na nia mbaya."

"Ndiyo, babu."

"Na mlinzi?"

"Hakuna."

Wazee wakaangaliana. Wakamaliza chai, wakavua viatu, wakaingia kwenye simu iliyokuwa inachajiwa dirishani. Hamdia alivipanga vile viatu kando ya ndoo ya maji, akaendelea na anjera yake.

Tangu siku hiyo tovuti ilitulia. Deqa akikagua kumbukumbu za mlangoni aliona wadukuzi wa kila nchi wamejaribu, na wote wamerudishwa. Mmoja wao, wa mbali sana, aliandika barua pepe ya heshima. Aliomba yule mzee wa mlangoni mwenye filimbi aambiwe apulize polepole, kwa sababu anamwamshia mtoto. Hamdia alijibu kwamba ataambiwa, na akamwambia.

Watu wazuri nao walikuja. Mwanamke anayeitwa Lul, aliyezaliwa Kanada, alimkuta babu wa mama yake chini ya mti wa mgunga, mstari wa pili. Aliandika kwamba sasa akiomba dua anajua aelekeze moyo wapi. Siku hiyo Hamdia alifunga duka mapema, akapika wali wa mbuzi, akapelekea majirani. Deqa alipomuuliza sherehe ni ya nini, alisema ni ya kushukuru tu.

Kisha Abdighani akapiga simu. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, Khadar, na kazi yake ilikuwa ubroka wa ploti, yaani udalali wa viwanja.

"Eedo," alisema, maana ndivyo wanavyomwita shangazi, "nataka kuweka picha ya baba kule kwa wazee. Nipe paswadi."

Hamdia alimpa. Angemnyimaje mtoto wa Khadar?

"Eedo, kuna namba imeingia kwa simu yako. Nisomee."

Akamsomea, akamshukuru sana kwa kumkumbuka baba yake.

Kesho yake kona ya magharibi ya makaburi haikuwepo kwenye tovuti. Makaburi ya upande ule wote yalikuwa yamefutwa, na kaburi la Koplo Robow likiwa kati yake. Koplo alikuwa amesimama jikoni, koti limekunjwa mkononi, kama mtu anayengoja adhabu.

"Alikuja na neno sahihi na namba sahihi," alisema. "Amri ni kwamba mwenye neno apite. Tukampisha."

"Hamkumuuliza kitu?"

"Nilimuuliza tunavyomuuliza mgeni yeyote. Wewe mtoto wa nani? Msomali akiulizwa hivyo na mzee, anataja baba, babu, anaendelea mpaka aambiwe inatosha. Huyu alinyamaza, akaingia."

Hamdia alilipokea lile koti, akalitundika.

"Hukukosea, babu. Neno alipewa na mimi."

Deqa alirudisha picha siku hiyo hiyo na kubadilisha neno la siri. Lakini Abdighani alikuwa anaiuza ile kona ya Burat kama ploti, na mnunuzi alikuwa ameshaifungua tovuti, kama alivyoambiwa afanye, akaona hakuna kaburi upande ule, akatoa pesa. Hamdia alikwenda kwa wazee wa mtaa, nao wakaenda ofisi ya ardhi. Kule walionyeshwa picha iliyopigwa ya tovuti ya Hamdia mwenyewe, ya siku ile kona ilipokuwa tupu. Karatasi ziko sawa, waliambiwa. Seng'enge ikazungushwa, mawe yakasukumwa kando, na mahali pa Koplo Robow pakawekwa tangi la maji.

Koplo na wenzake wa kona ile walihamia kwa Hamdia moja kwa moja. Zamu zao mlangoni mwa tovuti hawakuziacha. Waliporudi walimsaidia kuchambua mchele, na yule mwenye kukoroma alilala dukani, juu ya mitumba ya vitambaa, wateja wakipita polepole wasimwamshe. Hamdia alimshukuru Mungu kwa kila aliyebaki kwenye tovuti, na kwa nyumba iliyojaa. Alikuwa ameishi peke yake muda mrefu.

Karibu na mwezi wa Ramadhani Abdighani alikuja na sukari na tende. Hamdia alimkaribisha, akamtandikia mkeka. Malori ya kokoto yalikuwa yanapita nje, yakielekea Burat. Koplo Robow alitoka kwenye simu, zamu yake imeisha, akakaa mkabala naye. Abdighani alimtazama, akatazama picha ya ukutani, kisha akatoa salaam.

Mzee aliitikia. Akangoja Hamdia amimine chai, kwa sababu mgeni haulizwi kitu kabla hajanywa. Abdighani alikunywa. Kikombe kilipofika chini, Koplo aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Wewe mtoto wa nani?"

Abdighani aliangalia mkeka. Lori lingine likapita, vikombe vikatikisika, vikatulia. Hamdia alibaki na birika mkononi, hakumsaidia.

"Mimi ni Abdighani," alisema, "wa Khadar, wa Abdirahman, wa Robow."